Ua la haki humlisha mchumaji hata msimu ukipita

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Mei, barabara ya Moi South Lake kule Naivasha hubadilika sura. Mabasi ya mashamba ya maua huanza kuokota wafanyakazi Karagita, Kamere na Kasarani kabla hakujapambazuka, na huwarudisha jioni giza limeshaingia. Malori yenye majokofu hupanda mlima usiku kuelekea uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Wauza chai na chapati huongeza sufuria, na wenye ploti hulipwa kodi bila kugonga mlango wa mtu. Kisha Juni huingia. Malangoni mwa mashamba yale yale huonekana kina mama wameketi nyasini, wakisubiri kuambiwa kama leo kuna kazi au warudi nyumbani. Nimekuwa nikiliona jambo hili mwaka baada ya mwaka, na kila likijirudia linanikera zaidi.

Miezi hiyo ya pilkapilka ndiyo inayoelekea na kuingia majira ya kuchipua huko Ulaya. Baridi inapungua, watu wanafungua madirisha na maduka yanapambwa upya. Siku hizi mnunuzi wa huko haridhiki na uzuri wa ua peke yake. Anataka ua ambalo halikumwumiza mtu wala kuharibu mazingira, na wenye maduka wamejua kumtuliza: kwenye karatasi ya kufungia shada kuna beji, na kando ya beji kuna maneno matamu kuhusu haki na mazingira.

Nafurahi kwamba mnunuzi huyo anauliza. Ila naweka msimamo wangu wazi mapema ili tusipotezane njiani. Haki ya ua hupimwa kwa hati ya mshahara ya aliyelichuma na kwa maji ya ziwa lililolinywesha. Zaidi ya yote, hupimwa kwa jambo ambalo beji hazilitangazi: je, mchumaji huyo bado ana kazi, na jikoni kwake bado kunapikwa, majira ya kuchipua yakishapita? Kama hana, basi ua hilo lilikuwa zuri tu. La haki bado halijawa.

Msimu wao, mikono yetu

Sisi wa ikweta hatuna majira ya kuchipua. Machi hadi Mei kwetu ni masika, wakati wa matope na wa kupalilia mahindi. Hata hivyo, maelfu ya familia za Naivasha, Thika, Nakuru na hata Arusha ng'ambo ya mpaka huishi kwa kalenda ya watu wengine. Februari 14 ni siku ya wapendanao. Machi 8 ni Siku ya Wanawake Duniani, ambayo Warusi na watu wa Ulaya Mashariki huiadhimisha kwa maua. Waingereza wana Jumapili yao ya kina mama, ambayo iko ndani ya Kwaresima na mara nyingi huangukia Machi. Inafuata Pasaka. Halafu Jumapili ya pili ya Mei, Wajerumani, Waholanzi na Wamarekani nao huwakumbuka mama zao. Kila mojawapo ya tarehe hizo ni amri inayofika shambani wiki kadhaa kabla: pogoeni leo ili mawaridi yachanue siku ile, wala si kesho yake.

Naivasha ilichaguliwa kwa sababu. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, una jua la kutosha mchana na ubaridi wa usiku, na una ziwa la maji baridi katika Bonde la Ufa ambalo maziwa yake mengi ni ya magadi. Kilimo cha maua ya kuuza nje kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1960. Leo, miongoni mwa nchi zilizo nje ya Umoja wa Ulaya, hakuna inayoupelekea Umoja huo mawaridi mengi kuliko Kenya.

Usione vyaelea, vimeundwa. Mfuate mvunaji mmoja ndani ya kivungulio uone kazi yenyewe. Anapita kati ya matuta akiwa na makasi mkononi, akitazama kila tumba. Likiwa limefumba sana, halitafunguka likifika. Likiwa limefunguka mno, litapukutika njiani. Anakata, anashika shina kwa mkono wenye glavu iliyochanikachanika kwa miiba, na kulitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kutoka hapo ndoo hupelekwa kwenye chumba cha baridi, halafu kwenye banda la kufungashia. Huko wanawake wamesimama mezani kutwa nzima, wamevaa sweta ndani ya makoti ya kazi. Wanavua majani ya chini, wanapima urefu wa shina kwa sentimita, 40 huku, 50 kule, 60 pale, na kufunga mashada yaliyolingana vichwa. Jani moja lenye doa linatosha kulifanya shada zima likataliwe. Msimamizi anapita na karatasi ya tageti: kila mmoja anatakiwa afunge mashada mangapi kwa saa. Kadiri siku ya kina mama inavyokaribia, ndivyo tageti inavyopanda na saa za kutoka zinavyosogezwa mbele.

Wengi wa wafanyakazi hao ni wanawake. Wengi ni mama, na wengine wanalea watoto peke yao mbali na kwao, maana Naivasha imewavuta watu kutoka kila pembe ya nchi. Ndiyo kusema Siku ya Wanawake na siku za kina mama za Ulaya zinabebwa na wanawake na mama wa kwetu. Je, ni vibaya kudai kwamba heshima inayotolewa kwa ua lile imfikie kwanza yule aliyeanza kulishika?

Beji imefanya kazi, tuikubali

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yapo mashirika na mashamba yaliyofanya kazi ya kweli, na kuyafumbia macho ni kuyadhulumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 malalamiko kutoka mashamba ya maua yalikuwa mazito: wafanyakazi kurudishwa vivungulioni dawa ikiwa haijakauka, vibarua wa miaka nenda miaka rudi wasio na mkataba, wanawake kuachishwa kazi wakipata mimba, na wasimamizi waliodai ngono ili kumpa mtu kazi nyepesi. Mashirika ya haki za wafanyakazi ya hapa Kenya yalipaza sauti, wanunuzi wa Uingereza wakashtuka, na kanuni zikaanza kuwekewa meno.

Leo shamba lenye cheti cha Fairtrade, cha Rainforest Alliance au cha Baraza la Maua la Kenya hukaguliwa. Wakaguzi huangalia nguo za kujikinga na dawa, muda wa kusubiri kabla ya kuingia kivungulioni baada ya kupulizia, vyoo, maji ya kunywa na kamati za kusikiliza malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia. Chini ya Fairtrade kuna pia nyongeza ya asilimia 10 juu ya bei ya mauzo, ambayo haiingii mfukoni mwa mwenye shamba. Inakwenda kwa kamati iliyochaguliwa na wafanyakazi wenyewe, nao wanaamua itumike vipi. Kuna watoto waliosoma kwa fedha hizo, kuna zahanati na madarasa yaliyojengwa.

Nayo sheria yetu haikulala. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Na kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo haitarajiwi kwisha ndani ya miezi mitatu, anaacha kuhesabiwa kibarua na anastahili haki za mwajiriwa wa mshahara wa mwezi.

Kwa hiyo sisemi beji ni uongo. Ninachosema ni kwamba beji imefika nusu ya safari, na wauzaji wanaitangaza kama iliyokwisha fika. Kuna mambo mawili ambayo mnunuzi wa London au Berlin haambiwi.

La kwanza, shamba kuwa na cheti hakumaanishi kwamba maua yake yote yanauzwa kwa masharti ya cheti. Nyongeza ile ya asilimia 10 hulipwa tu kwa mashada ambayo mnunuzi mkubwa amekubali kuyanunua kwa masharti hayo. Yaliyobaki, yaliyochumwa na mikono ile ile kwa uangalifu ule ule, huuzwa kwa bei ya kawaida, na kamati ya wafanyakazi haipati chochote kwayo.

La pili, nyongeza si mshahara. Kisima kizuri cha kijiji hakilipi kodi ya nyumba. Mwaka 2014, wanauchumi Richard Anker na Martha Anker walitoa utafiti juu ya mshahara unaotosha kuishi katika eneo hili hili la mashamba ya maua kandokando ya Ziwa Naivasha. Walijumlisha chakula, nyumba ya staha, shule, matibabu na akiba kidogo ya dharura. Walikuta mshahara uliokuwa ukilipwa uko chini kwa mbali. Tangu hapo mishahara imepanda kwa makubaliano ya chama cha wafanyakazi na waajiri, lakini unga, mafuta ya kupikia na nauli havikusimama kuingoja.

Msimu ukiisha, nyumba haihami

Nataka msomaji aingie katika chumba kimoja cha Karagita mwezi wa Julai. Ni chumba cha mabati au mawe, futi kumi kwa kumi, pazia likitenganisha kitanda na jiko. Huko Ulaya ni kiangazi. Bustani zao zimechanua zenyewe, watu wako likizoni, na maua yanayonunuliwa dukani ni machache. Oda zimeshuka. Shambani walioajiriwa kwa mkataba wa msimu wameshapewa barua, na waliobaki wamepunguziwa ovataimu iliyokuwa ikijaza mapengo.

Mshahara ukikatika, mambo hufuatana. Kwanza ni daftari la dukani. Mwenye duka anayekubali kukopesha unga na sukari anaandika jina, na deni linakua ukurasa baada ya ukurasa. Kisha ni mkopo wa simu, unaochukuliwa kulipa daftari. Kisha ni chama, kile kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, ambacho mwanachama asiyechangia miezi miwili hukosa zamu yake. Muhula wa mwisho wa shule unapofunguliwa, mtoto mkubwa anatumwa kwa nyanya yake kijijini kwa sababu huko angalau kuna shamba la viazi. Oktoba, maandalizi ya msimu mpya yanapoanza na mabasi yakarudi, mama huyu anaingia kazini akiwa tayari ana deni. Februari anafanya kazi saa nyingi kulipa Julai iliyopita. Atawezaje kuweka akiba ya Julai ijayo?

Huu ndio mtego wa msimu, na wanaopata hasara yake ni wale walio chini kabisa. Duka kubwa la Ulaya huagiza kwa wingi mauzo yakipanda na kupunguza oda yakishuka, na hiyo ni haki yake ya kibiashara. Mwenye shamba naye, ili asizame, hupunguza watu. Mfanyakazi hana wa kumpunguzia. Hawezi kumwambia mwanawe asile hadi Oktoba.

Mara mbili katika kizazi hiki tumeona wazi mzigo huo unaangukia wapi. Aprili 2010 volkeno ya Eyjafjallajökull ililipuka Iceland na majivu yakafunga anga la Ulaya kwa takriban wiki moja. Maua yaliyokuwa yamechumwa yakaozea kwenye maghala na kugeuzwa mboji, na maelfu ya wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani. Machi 2020 ikaja korona. Kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, ambapo bei huanzia juu na kushuka kwenye saa ya mnada hadi mnunuzi wa kwanza abonyeze kitufe, bei ziliporomoka hadi maua yakatupwa kwa shehena. Hayo yalitokea siku chache tu kabla ya Jumapili ya kina mama ya Uingereza. Naivasha mashamba yakafunga vivungulio, watu wakapewa likizo bila malipo. Fairtrade, na nawapongeza kwa hilo, ilizilegezea masharti kamati za wafanyakazi ili zitumie fedha za nyongeza kuwasaidia wenzao. Lakini fikiria maana yake: fedha zilizokusudiwa kujenga madarasa zikageuzwa kununua unga. Wafanyakazi walijiokoa kwa akiba yao wenyewe, huku makampuni makubwa yakifuta oda na kwenda zao.

Maji yanayosafirishwa na shina

Msimu una deni jingine, nalo ni la ziwa. Mwaka 2012 watafiti Mekonnen na Hoekstra wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, wakiwa na wenzao, walichapisha hesabu ya maji yanayotumika kukuza ua moja la waridi katika bonde la Naivasha: kati ya lita 7 na 13. Mashada kumi ya maua kumikumi yanayopakiwa ndegeni yameshatumia maji mengi kuliko yanayotekwa na nyumba nyingi za Karagita kwa wiki, ambako dumu la lita 20 hununuliwa kwa pesa taslimu.

Ziwa hilo si mali ya maua peke yake. Wavuvi wanalitegemea, wachuuzi wa samaki wanalitegemea, Wamaasai wananywesha mifugo humo, na viboko na ndege wake ndio walioliingiza katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa mwaka 1995. Mwaka 2009 ukame uliliteremsha hadi kingo zikawa nyasi, na mwaka uliofuata samaki wakafa kwa wingi. Miaka kumi baadaye mambo yakageuka: mwaka 2020 maji yalipanda na kuingia mtaa wa Kihoto, nyumba zikafurika na familia zikahama na magodoro kichwani. Walioathirika mara zote mbili ni wale wale wasio na pa kukimbilia.

Haki inanilazimu kusema kwamba mashamba si mkosaji pekee. Msitu uliokatwa juu ya mto Malewa uingiao ziwani, maji taka ya mji uliokua haraka kuliko mabomba yake, na mashamba madogo yaliyolimwa hadi ukingoni mwa mto, vyote vina sehemu yake. Na baadhi ya mashamba yamefanya ya kuigwa. Yapo yanayokinga maji ya mvua kutoka kwenye mapaa ya vivungulio na kuyatumia tena maji ya umwagiliaji, na shamba la Oserian limetumia mvuke wa ardhini kupasha joto vivungulio vyake. Kuanzia karibu mwaka 2010 kulikuwa pia na mpango ambao watumiaji wa maji walioko chini waliwalipa wakulima wadogo walioko juu kwa vocha ili wapande nyasi na miti ya kuzuia udongo usisombwe mtoni. Wazo lilikuwa sahihi kabisa: anayekunywa chini amshukuru kwa vitendo anayelinda chemchemi juu.

Kilichokosekana ni mnunuzi wa mwisho. Mekonnen na Hoekstra walipendekeza kwamba ada ndogo ya maji iongezwe kwenye bei ya ua dukani, huko huko Ulaya, na ifike hadi bondeni kulinda ziwa. Pendekezo hilo ni la zaidi ya miaka kumi sasa. Duka linalojisifu kwa uendelevu lingeshindwaje kulichukua?

Je, wasusie?

Msomaji anaweza kuuliza: kama mambo ni haya, si afadhali Mzungu aache kununua maua ya Kenya, anunue ya kwao? Wapo wanaharakati huko wanaosema hivyo kwa nia njema. Wanatazama ndege na kuhesabu moshi.

Mimi nakataa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya mazingira yenyewe. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Cranfield cha Uingereza kililinganisha mawaridi ya Kenya na ya Uholanzi yanayouzwa nchini humo. Ya Uholanzi, yaliyopashwa joto kwa gesi na kumulikwa kwa taa, yalitoa hewa ya ukaa zaidi ya mara tano ya yale ya Kenya, hata baada ya kuhesabu safari ya ndege. Jua letu halina bili. Na siku hizi baadhi ya maua husafirishwa kwa meli kutoka Mombasa ndani ya makontena ya baridi, njia inayopunguza moshi zaidi, ingawa mashambulizi ya Bahari ya Shamu tangu mwishoni mwa 2023 yameirefusha safari hiyo.

Ya pili ni ya nyumbani. Kususia ni kumfukuza kazi mama yule yule tunayemtetea. Ng'ombe hachinjwi kwa sababu mkamaji anapunja. Oda zikikatika, mwenye hisa atahamisha mtaji wake Ethiopia au Kolombia, ilhali mpangaji wa Karagita atabaki na daftari la dukani. Haki haiji kwa kuvunja soko. Huja kwa kulilazimisha soko lilipe gharama yake yote.

Nani alipe?

Basi nani alipe? Nianze na aliye na uwezo mkubwa zaidi. Maduka makubwa ya Ulaya ndiyo yanayopanga bei, yanayobadilisha oda siku chache kabla ya kilele, na yanayobaki na faida ya jina jema. Ujerumani ilianza kutekeleza Januari 2023 sheria inayoyataka makampuni makubwa yachunguze haki za binadamu kwa wanaoyauzia. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha maelekezo yake mwaka 2024, kisha mwaka uliofuata ukaanza kuyaahirisha. Kuchunguza ni vizuri, ila uchunguzi usio na bei nzuri humrudishia mkulima gharama ya makaratasi tu. Duka linalotaka kuandika neno haki kwenye shada litie sahihi mkataba wa mwaka mzima na shamba, wenye kiwango cha chini cha oda hata Julai na Agosti, na wenye bei inayotosha kulipa mshahara wa kuishi. Likifuta oda baada ya ua kuchumwa, lilipe.

Wenye mashamba nao wasijifiche nyuma ya Mzungu. Kazi ya kupogoa, kunyunyizia na kuvuna haiishi ndani ya miezi mitatu. Ipo kila mwaka, na kila mmoja wetu anajua ipo. Kumwita mtu wa msimu mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, ni kuikwepa sheria ya 2007 mchana kweupe. Yapo mashamba yanayotumia miezi ya oda chache kuwapa watu likizo zao za mwaka na kukarabati vivungulio, na kwa njia hiyo watu hawaachishwi. Linalowezekana kwa jirani linawezekana kwako.

Serikali, ya taifa na ya kaunti ya Nakuru, ina wakaguzi wa kazi wachache na mabomba machache. Dola na yuro zinazoletwa na maua zinasifiwa kila bajeti ikisomwa. Zirudi kidogo Karagita kama maji ya bomba, mitaro na shule ambayo mtoto anaifikia bila kuvuka barabara ya malori.

Na sisi tunaonunua maua hapa hapa? Harusi, mahafali na mazishi yetu siku hizi hayakosi mashada. Mengi ya hayo ni yale yaliyokataliwa kwenda nje kwa doa dogo la jani, nasi huyanunua barabarani kwa bei ya kutupa. Tukidai haki kutoka kwa Mholanzi, tusimpunje mchuuzi wa Nairobi. Ndugu zetu walio London, Berlin na Amsterdam wana sauti kubwa zaidi, kwa kuwa wao husimama mbele ya rafu yenyewe kila Machi na wanaijua Naivasha kuliko yeyote katika duka lile. Waulize, waandike, wasichoke.

Msimu ujao wa kuchipua maduka yatatangaza tena maua ya haki. Swali la kuwauliza ni moja, na mtoto anaweza kulielewa: aliyelichuma ua hili ana mkataba wa miezi mingapi? Jibu likiwa kumi na miwili, kwa mshahara unaomtosha kula na kusomesha, walipwe bei yao bila manung'uniko. Likiwa mitatu, beji hiyo bado inadaiwa miezi tisa.